Kumbukumbu ya mradi: dodoso la madhara ya mafuriko, toleo la tatu

Toleo la tatu la dodoso langu limeingia kwenye simu jana jioni, na kabla sijasahau kwa nini nililivunja lile la pili, ni heri niandike. Kwa muda wangu wa ziada ninatengeneza, kwa kutumia KoboToolbox, zana ya kutengeneza madodoso na kukusanya majibu yake, dodoso ambalo wakazi wa mtaa mmoja wa Kigogo, Dar es Salaam, watalitumia kuripoti kilichoharibika Mto Msimbazi unapofurika. Programu yake ya simu huhifadhi majibu ndani ya simu na kuyatuma mtandao unaporudi, jambo la lazima mahali ambapo mvua ikikolea umeme huwa wa kwanza kuaga.

Ramani sikulazimika kuichora. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe kuchora majengo, mifereji na vichochoro vya jiji kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuihariri. Nikadhani kilichobaki ni kuuliza maswali tu.

Maswali ndiyo yaliyonishinda. Toleo la pili liliuliza kama madhara ni madogo, ya wastani au makubwa. Katika jaribio, watu wawili waliosimama mbele ya ukuta mmoja uliopasuka walijibu tofauti: mwenye nyumba alisema makubwa, ilhali mpangaji wake, ambaye maji yalimharibia godoro na cherehani, aliuona ufa ule kuwa si kitu. Sikuweza kumsahihisha hata mmoja. Sasa ninauliza tu kile ambacho mtu anaweza kukionyesha kwa kidole: ukuta umepasuka au umeanguka, bati zimeng'oka, sakafu imetitia, choo kimejaa au kimebomoka.

Hilo la choo halikuwamo kabisa. Mama mmoja alijibu maswali yote kwa subira, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa yamekula udongo upande wa mtoni, shimo likabaki wazi, matofali mawili ya ukingo yakining'inia juu yake, na pazia la gunia mlangoni bado limefungwa vizuri kwa kamba. "Hiki mbona hukuniuliza, mwanangu?" Kaya nne zilikuwa zikikitegemea.

Kimo cha maji nacho nimeacha kukiuliza kwa sentimita. Majibu sasa ni kifundo cha mguu, goti, kiuno, kifua, au kupita kichwa, yakifuatiwa na picha ya mstari wa tope ukutani, dumu la lita 20 likiwa limesimamishwa chini yake ili anayeitazama picha awe na kipimo. Sijaona nyumba isiyo na dumu.

GPS ilinisumbua kidogo, kwa sababu nyumba zimebanana kiasi kwamba kosa la mita 5 linampa jirani ufa usio wake. Nimeibadilisha: mtu anaweka alama mwenyewe juu ya paa lake kwenye ramani. Tena nimetenganisha jengo na kaya, kwani nyumba moja ya vyumba sita ilikuwa ikileta ripoti sita za ukuta uleule.

Swali zito kuliko yote aliliuliza mjumbe wa mtaa: "Kijana, haya majibu yanakwenda kwa nani?" Bonde hili limeziona alama za X nyekundu kwenye kuta za nyumba za kubomolewa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na sasa upo mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi pamoja na mazungumzo yake ya fidia. Kwa hiyo anayepita na simu akipiga picha nyufa huonekana ama analeta pesa ama analeta tingatinga. Nimeondoa jina na namba ya simu, jambo ambalo, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nilipaswa kulifikiria mapema. Ukurasa wa kwanza unatamka wazi kwamba dodoso hili halitoi fidia wala halimhamishi mtu. Mjumbe aliusoma mara mbili, akashauri simu ishikwe na kijana wa mtaa na si mimi, na tumekubaliana hivyo.

Wenye vitochi, zile simu ndogo zisizo na intaneti, bado sijawapatia njia. Nilijaribu ujumbe mfupi wa namna ya "CHOO GOTI 14", ambao unaenea bila shida ndani ya herufi 160, lakini hiyo 14 ni namba ya nyumba, na watu watatu niliowauliza walinielekeza kwa mwembe, kwa duka la mkaa na kwa mama Asha. Katika toleo la nne nitaanza kwa kuyaweka majina hayo kwenye ramani.