Skrubu ndogo ya meno inashikwa na nini?

Hii ni skrubu inayokazwa kwa muda kwenye mfupa wa taya, iwe nanga ya kuvutia meno yanaponyooshwa. Ya urefu wa mm 8 ikilegea, wengi hukimbilia ya mm 10. Mara nyingi dawa si urefu. Siku ya kwanza skrubu hushikwa na ganda gumu la nje la mfupa, na ganda hilo likiwa chini ya mm 1, utahangaika. Kipenyo kina uzito kuliko urefu: chini ya mm 1,2 inaweza kukatika, lakini nene mno haipiti kati ya mizizi ya meno. Hapo mm 1,5 au 1,6 inatosha.

Ajabu ni taya la chini. Mfupa wake ni mgumu zaidi, ila skrubu hushindwa huko mara nyingi kuliko juu. Ukizungusha kwa haraka mfupa unapata joto, na 47 °C kwa dakika 1 tu inatosha kuua seli zake. Zungusha polepole, mwagia maji ya chumvi yaliyo safi, na mfupa ukiwa mgumu sana toboa kwanza. Nguvu ya kukazia ibaki niutoni-sentimita 5 hadi 10. Kukaza kupita hapo kunaupasua mfupa nyufa ndogo ambazo jicho halizioni.

Ganzi iwe kidogo, ya ufizi tu. Mgonjwa akishtuka kwa maumivu makali na mkono wako ukahisi ukinzani mpya, umegusa mzizi: rudisha nyuma, badili mwelekeo. Na kichwa cha skrubu kitokee kwenye ufizi mgumu usiocheza. Ukikiweka kwenye nyama laini ya shavu, kila tabasamu inaivuta nyama hiyo, inavimba, inafunika kichwa.

Wiki ya 2 hadi ya 4 ndiyo yenye hatari: mshiko wa mwanzo unapungua kabla mfupa mpya haujajaa. Mvuto mwepesi, gramu 50 hadi 100, unaruhusiwa tangu mwanzo, mradi usiizungushe skrubu upande wa kufungua. Hilo la mwisho linasahauliwa sana.

Hapa Bukavu kuna mambo mawili zaidi. Umeme ukikatika otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) ikiwa katikati ya kazi, vyombo hivyo si safi. Anza mzunguko upya wote. Tena mwambie mgonjwa wazi: mabaki ya sambaza (samaki wadogo wa ziwani) na sombe (majani ya mihogo) hujificha kuzunguka kichwa cha skrubu, kwa hiyo apige mswaki laini hapo kila baada ya kula, na asiichezee kwa ulimi.

Ikicheza kidogo bila maumivu, ondoa mvuto uiangalie kwa wiki chache. Ikicheza na kuuma, itoe. Usiikaze tena katika tundu lile lile, maana mfupa wa pembeni umeshageuka nyama laini. Sogea pembeni kwenye mfupa mzima, au subiri miezi 2 hadi 3 tundu lijifunge.