Jinsi nilivyopunguza kaboni ya sabuni yangu ya mawese, Ujiji

Mnunuzi wa Dar aliniuliza kutengeneza mche mmoja wa sabuni kunatoa kaboni, yaani hewa ukaa inayoongeza joto duniani, kiasi gani. Nikaduwaa. Nikaazima mizani ya dagaa, nikapima kuni kabla ya kuwasha na zilizobaki, nikagawa kwa idadi ya miche. Kuni kavu kilo 1 hutoa takribani kilo 1.7 za hewa ukaa. Petroli lita 1, kilo 2.3. Kumbe nilikuwa naisingizia bodaboda inayonibebea mzigo bure, mtoa kaboni ni mafiga!

Nikaacha kuchemsha sabuni motoni. Nayeyusha mawese tu, nachanganya na maji ya kostiki soda. Mchanganyiko unajitengenezea joto la kumalizia kazi. Ubaya wake, sabuni hukomaa wiki 4 hadi 6. Siku za jua kali, hata moto siwashi.