Msimtishe mtoto mwenye kwikwi

Wiki iliyopita ushauri wa watu ulimliza mwanangu bure, na hasira yake bado ninayo. Binti yangu ana miaka saba. Alikula mbiombio ili awahi mchezo, akashushia glasi nzima ya soda baridi huku akicheka na ndugu zake, na kabla hajainuka mezani kwikwi ikamshika. Si jambo geni hilo. Siku zote hukaa dakika tano, kumi, ikakatika yenyewe na hakuna anayeikumbuka. Safari hii ikang'ang'ania. Ilitulia nusu saa, ikarudi. Akashindwa kumaliza sentensi moja ya kitabu chake bila kukatizwa. Usiku nililala pembeni yake nikisikia mwili wake ukishtuka, kisha kimya kirefu, kisha tena.

Asubuhi aliamka nayo. Nikampigia dada yangu mkubwa, naye hakusita: "Mshtue tu, utaona." Jirani naye akasema hivyo hivyo. Nikajibanza nyuma ya mlango wa chumba, nikamwita kwa sauti ya kawaida, na alipoingia nikaruka na kupiga ukelele. Alirudi nyuma, akagonga kiwiko kwenye fremu ya mlango, akanitazama kama mtu asiyemjua. Halafu akaanza kulia. Na ninyi mnajua mtoto akilia sana inakuwaje: kwikwi ya kilio ikaja juu ya ile kwikwi ya kwanza, zikapishana, ikawa hapati hata pumzi ya kuniambia anaumwa wapi. Nilimshika kifuani karibu nusu saa nzima. Tangu hapo kila nikimwita alikuwa anachungulia kwanza mlangoni. Hilo liliniuma kuliko kwikwi yenyewe, na kwa hiyo nawaomba: mtoto ambaye tayari amechoka na ana wasiwasi, msimtishe.

Ushauri haukuishia hapo. Kuna aliyeniambia nimwinamishe mtoto kichwa chini anywe maji hivyo hivyo. Nikajaribu, maji yakapanda puani, akapaliwa, tukaacha. Mwingine akasema nimbonyeze macho kwa vidole. Huyo nilimkatalia palepale, na nawasihi mkatae nanyi, maana kubonyeza jicho kunaweza kulidhuru na pia kunaweza kupunguza mapigo ya moyo ghafla. Tena kwa mtoto!

Nilipotulia ndipo nikaanza kufikiria kwikwi ni nini hasa. Kiwambo, ule msuli mpana uliotandaa kati ya kifua na tumbo, hujikunja ghafla bila mtu kutaka. Hewa inavutwa kwa nguvu, na papo hapo mlango wa kisanduku cha sauti unafunga. Sauti tunayoisikia ni ya mlango huo. Tumbo likijaa chakula, gesi ya soda au hewa iliyomezwa kwa haraka na kwa kucheka, mishipa ya fahamu inayopita kooni na kifuani hadi tumboni inachokozwa, na kiwambo kinaitikia. Basi nikajiambia, kama njia ya fujo ni koo na pumzi, dawa nayo ipite humo humo. Mtoto ameze mfululizo na pumzi itulie kidogo. Kelele ya mlangoni ingefanya nini?

Nilianza na sukari. Mwaka 1971 madaktari waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kijiko cha sukari kavu kilichomezwa kilikata kwikwi kwa wagonjwa 19 kati ya 20. Mimi nilimpa nusu kijiko cha chai, akaiacha ulimini kidogo, akaimeza. Ikakatika! Tulifurahi dakika arobaini hivi, ikarudi. Akaomba sukari tena, na tena, nikaona hiyo sasa siyo tiba.

Kilichomponya ni hiki, na najivunia kwamba nilikipanga mwenyewe kwa kuunganisha vipande vya mambo niliyoyasikia. Nilimkalisha wima kwenye kiti, nikampa kikombe cha maji ya kawaida nusu na mrija, akakishika kwa mikono yote miwili. Nikasimama nyuma yake nikaziba masikio yake, si kwa kuingiza kidole ndani, hapana, bali kwa kubonyeza polepole kile kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio. Tulikubaliana kwamba kidole changu kikimgusa shavuni, anameza funda moja dogo. Sikutaka afikirie kwikwi hata kidogo. Nilitaka asubiri kidole. Nikagusa, akameza. Nikagusa, akameza. Mafunda kumi mfululizo, bila kutoa mdomo kwenye mrija.

Mara ya kwanza alifika sita akacheka, maji yakamwagika mapajani, kwikwi ikapiga. Nikafurahi hata hivyo, maana ndicho kicheko chake cha kwanza siku hiyo tangu nimtishe. Mara ya pili alifika tisa. Mara ya tatu akatimiza kumi, nikamwambia avute magoti kifuani ayakumbatie, apumue nje taratibu kama anayepuliza uji wa moto asiotaka kuumwaga. Tukakaa hivyo. Nilikuwa nasubiri pigo linalofuata na mabega yangu yamekaza. Halikuja. Dakika tano, kumi. Akalala palepale kitini.

Saa niliyokuwa nimejiwekea ilikuwa haijafika. Kwikwi ikipita saa 48 si ya kuchezea nyumbani tena, ni ya daktari. Na hata kabla ya hapo, kama mtoto anatapika, anaumwa sana tumbo au kichwa, au amelegea, nisingengoja. Nguo za hospitali zilikuwa tayari kwenye begi.

Mdogo wake ana miezi minne, naye hupata kwikwi karibu kila siku. Kwake hakuna mrija wala sukari wala asali, na maji hapewi kabisa kabla ya miezi sita. Asali ni mwiko mpaka atimize mwaka, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli ya mtoto. Namweka begani wima, namcheulisha katikati ya kunyonya na baada yake, basi. Mtoto mchanga hapati taabu na kwikwi kama sisi tunavyodhani. Huwa nayo hata tumboni mwa mama.

Soda sasa inakuja baada ya chakula kutulia, si pamoja nacho, na mezani hakuna mbio. Jana ilimshika tena, ndogo tu. Alikwenda mwenyewe kuchukua kikombe na mrija, akakaa mbele yangu akanipa mgongo, akaivuta mikono yangu yote miwili kichwani kwake. "Mama, masikio."