Pete za Chuma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Mhubiri 5:4-5, pale penye habari ya nadhiri. Nimepasoma nikimkumbuka Friedrich Wilhelm wa Tatu, mfalme wa Prussia, ufalme wa zamani wa Wajerumani.

Hakuwa mtu mbaya. Alipoingia madarakani mwaka 1797 alikataa kuhamia kasri kubwa la Berlin, akabaki na mkewe Luise katika nyumba waliyoizoea. Mtu wa maneno machache, mcha Mungu. Kisha tarehe 14 Oktoba 1806 Napoleon, mtawala wa Ufaransa, akalivunja jeshi lake huko Jena na Auerstedt kwa siku moja tu. Familia ikakimbilia Memel, pembe ya mwisho ya nchi, Luise akiwa mgonjwa katika baridi ya Januari. Kiangazi kile Napoleon na Alexander wa Urusi walikutana juu ya chelezo katikati ya mto Niemen. Mwenye nchi aliachwa ukingoni, anasubiri. Karibu nusu ya ufalme ikaenda. Mwaka 1810 Luise naye akafariki, ana miaka 34.

Machi 1813 mfalme aliwaita watu wake wamsaidie kupigana na Napoleon. Hapa ndipo ninapokwama kila mara. Kina mama walivua pete zao za ndoa, za dhahabu, wakazitoa kwa ajili ya vita, wakapewa za chuma. Hebu mwone mmoja anakanda unga, na kile chuma cheusi kidoleni.

Tarehe 22 Mei 1815, Napoleon, aliyekuwa ameshindwa na kufukuzwa, amesharudi Paris na vita vinanukia tena, mfalme akatia sahihi ahadi: nchi itapata katiba na baraza la kuwawakilisha wananchi. Haukupita mwezi, Napoleon akashindwa katika vita vya Waterloo. Hofu ikaisha. Mwaka 1823 wakapewa mabaraza ya mikoa, ya kutoa ushauri tu. Katiba haikuja. Mfalme alifariki mwaka 1840, ahadi ingali kwenye karatasi.

Sidhani alipanga kudanganya. Alipata nafuu tu.

Namwelewa kuliko ninavyopenda. Mwaka jana nililazwa, na usiku mmoja, saa nane hivi, nilimwahidi Mungu kwamba nikitoka nitampigia kaka yangu mkubwa, tumalize ya shamba la baba. Nilitoka salama, na tukafanya ibada ya shukrani. Namba yake ninayo, iko kwenye simu hii hii ninayoandikia.