Basi la saa sifuri asubuhi

Ilikuwa mistari minane tu ya JavaScript, lugha ya programu inayotumika kwenye tovuti. Unaipa saa ya kompyuta, inakurudishia saa ya Kiswahili: jumlisha 6, gawa kwa 12, chukua baki. Niliiandikia ukurasa wa tiketi za mabasi, nikainakili kwenye tovuti ya zahanati, kisha kwenye nyingine mbili.

Siku moja mwenye mabasi akanipigia. "Kijana, saa sifuri asubuhi ndiyo saa ngapi?" Basi lake huondoka saa 12. Kwenye kompyuta hiyo ni 6. Ongeza 6 upate 12, gawa kwa 12, baki sifuri. Aibu ni kwamba kosa lilelile nilishalirekebisha kule zahanati miezi miwili nyuma, nikasahau lilikotoka.

Hapo nikaamua iwe pakeji moja ya chanzo huria, leseni ya MIT inayomruhusu yeyote kuitumia, ikae npm, ghala la mtandaoni la pakeji za JavaScript, na tovuti zote nne ziivute kutoka huko. Kuipakia ni amri moja tu. Jasho lilinitoka katika kuamua nini kisiingie. Nilitamani kuweka na kipanga shilingi, cha kuandika bei kwa mpangilio, nikakiondoa: Intl.NumberFormat inayofanya kazi hiyo tayari imo ndani ya kivinjari. Kujaza sifuri mbele ya dakika nako kuna padStart, iliyoingia kwenye JavaScript mwaka 2017. Mwaka mmoja kabla, Machi 2016, mwenye left-pad, pakeji ndogo ya kujaza herufi mbele ya maandishi, aliiondoa npm, na kwa mistari 11 tu miradi chungu nzima ikagoma kujengwa. Kwa hiyo yangu haitegemei pakeji ya mtu yeyote.

Kosa la pili lilitoka Muscat. Dada mmoja akimkatia mama yake tiketi aliona saa 1 badala ya saa 12, maana getHours, amri ya JavaScript ya kusoma saa, hufuata saa ya simu, na Oman wametutangulia kwa saa moja. Sasa lazima utaje ukanda wa saa, Africa/Dar_es_Salaam, na Intl.DateTimeFormat, nayo ya ndani ya kivinjari, inafanya hesabu. Kwa kuwa badiliko hilo lingewavunjia waliokwisha kuitumia, nililitoa kama toleo 2.0.0, si 1.0.4: namba ya kwanza ikipanda, mtumiaji anajua kuna kitu kitavunjika. Kabla ya kila toleo hupita majaribio 24, moja kwa kila saa ya siku.

Limebaki la saa 10: ni usiku au alfajiri? Watumiaji wawili wanabishana mpaka leo. Nimeliacha neno hilo liwe la hiari.