Mananasi 34 ya Idjwi

Nilikwenda Bukavu, mashariki mwa Kongo, kupiga picha za nanasi, si kununua. Nalisema hili mapema kwa sababu mke wangu kule Kigoma hadi leo haamini.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi: nanasi shambani, nanasi kichwani, nanasi majini, nanasi sokoni. Picha kumi na mbili, basi, narudi. Ilikuwa 2022. Safari ya kupitia Bujumbura na Uvira siisimulii, ila zile kona za mlima Ngomo zilimfanya jirani yangu garini, aliyekuwa akisinzia tangu Kamanyola, aanze kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti. Hakuna aliyemnyamazisha.

Mama aliyenipokea kisiwani Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, upande wa Ntambuka, ana shamba linaloteremka karibu mpaka majini. Nilimkuta amevaa soksi mikononi, nikadhani ni baridi. Kumbe ni majani. Jani la nanasi lina meno ya msumeno, na mimi niliyejitosa mikono mitupu nikitafuta pembe nzuri nilitoka nimechanjwa kama niliyetoka kwa mganga. Mama alicheka, kisha akanipa soksi moja. Moja tu, ya pili alisema ni ya mkono wa kufanya kazi, na mimi sikuwa nafanya.

Alinieleza hesabu yake huku akikata. Chipukizi humfungia shamba mwaka na nusu, wakati mwingine zaidi, na tunda likishakatwa haliongezi utamu tena. Si kama mkungu wa ndizi unaoufukia ukaivia nyumbani. Ndiyo maana hakati mpaka ahakikishe boti inaondoka lini. Akikosea siku moja, anayepata faida ni nzi.

Boti la mbao liliondoka gizani, maana ziwa Kivu asubuhi huwa limelala. Nauli franka elfu tano, na begi la kamera likatozwa kama mzigo ingawa nililipakata. Maboya niliona manne. Watu sikuwahesabu, kwa makusudi. Jua lilipochomoza upande wa Rwanda nilipiga picha ambazo naamini ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na kama ningefunga kamera pale ningerudi Kigoma na pesa yangu.

Tulipogusa nchi Muhanzi, bandari ya Bukavu, wanawake wanaonunua kwa jumla walikuwa wameshaingia majini hadi magotini kuwahi mzigo. Nikamwomba Mama: subiri kidogo, simama hapo na kitunga, mwanga ni mzuri. Akasimama. Dakika mbili, nadhani. Hapo akatokea bwana mmoja mwenye koti na miwani.

"Kartasi ya kupiga foto iko wapi?"

Nilikuwa na barua. Akaisoma kuanzia juu hadi chini, akaigeuza, akasoma na mgongo wake mtupu. Mhuri haukumpendeza. Nilimwita shefu, nikamwita mzee, nikamweleza habari ya mananasi. Akauliza kwa nini mtu avuke nchi mbili kwa ajili ya nanasi, na kusema kweli, sikuwa na jibu. Jambo liliisha kwa matabishi, yaani kitu kidogo, kama nilivyojua tangu aliposema "kartasi". Lakini lilichukua karibu saa nzima, na Mama muda wote alikuwa ameshikiliwa kama shahidi, kitunga miguuni.

Tulipoachiwa, maboti mengine mawili yalikuwa yameshashusha. Wanawake wa jumla walikuwa wamejaza, wamepanda zao. Waliobaki walitoa bei ya kejeli.

Mama hakunigombeza. Aliketi juu ya jiwe, akasema: "Njo weye ulinichelewesha, papa. Sasa ukamate yote."

Thelathini na manne, franka mia tano kila moja. Nikatoa noti ya dola ishirini. Akaiinua juani, akaniwekea kiganjani: "Hii iko na kidonda." Kweli, pembeni palichanika kadiri ya ukucha wa mtoto. Kwetu noti kama hiyo hainyimwi soda. Kule mbadilisha pesa aliishika kwa vidole viwili kama panya na kunipa elfu thelathini badala ya arobaini. Elfu kumi kwa tundu lile! Nikamlipa Mama, akapanda boti la kurudi akiwa mtu pekee aliyefurahi siku ile.

Wakati nawaza, muuza samaki nyuma yangu akapaza sauti: "Sambaza! Sambaza!" Nikaanza kuyatawanya mananasi chini, nikidhani naamriwa. Wakacheka mpaka wakashikana. Kumbe sambaza ni samaki, ukoo wa dagaa wetu, waliotolewa ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Nikawatazama wale wadogo wanang'aa kwenye beseni, nikasikia harufu ya mwalo wetu wa Kibirizi, Kigoma, alfajiri, dagaa wameanikwa mchangani na mama yangu akifukuza kunguru kwa kanga. Wao wamehamia hapa na jina wamebadilishwa, hakuna anayewadai kartasi.

Mzigo ulipandishwa soko la Kadutu na mwanamke mbeba mizigo, kamba kwenye paji la uso, mgongo umepinda, mlima wote ule bila kupumzika. Nilimfuata kwa nyuma nikihema, kamera shingoni, nami sikuthubutu kuinyanyua. Alitaka franka elfu mbili. Nikampa tatu, naye akanitazama kama mtu asiyejua bei ya vitu, jambo ambalo ni kweli.

Kadutu nilitandaza turubai la kuazima. Mpaka jioni niliuza kumi na tisa, matano tukala na majirani wa turubai, mengine nikamwachia mwenye nyumba ya wageni, ambaye hakunipunguzia chumba hata franka moja.

Picha ya sokoni ninayo moja tu. Aliipiga mtoto wa jirani nilipompa kamera ili aache kunisumbua. Mimi nimekatwa kichwa, lakini mananasi yametoka vizuri.