Dawa Zangu Zilipokuwa Hazijuani

Nina ugonjwa wa sukari tangu mwaka 2011, kwa hiyo usiku ule wa Agosti 2021 moyo wangu ulipoanza kwenda mbio, lawama zote niliipa sukari. Nilidhani imeshuka. Niliamka nikapapasa ukuta hadi jikoni, nikatia vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe cha maji, nikanywa, nikakaa juu ya kigoda kungoja utulie. Haukutulia. Ulipiga haraka haraka, ukasita, ukapiga mara mbili kwa pupa, ukasita tena, kama kuku aliyefungwa miguu anayejirusha ndani ya tenga. Nilipopata akili ya kupima, mashine ilisoma 17.3. Sukari haikuwa imeshuka hata kidogo, nami nilikuwa nimeipandisha zaidi kwa mkono wangu mwenyewe.

Wenzangu wenye sukari watanielewa. Sukari ikishuka, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linatoka, hofu inakupanda kifuani. Moyo wenye hitilafu nao unaleta hayo hayo. Ukiwa na magonjwa yote mawili mwilini, huwezi kuamua kwa kuhisi. Tangu usiku ule mashine yangu inalala kando ya mto, na kabla ya kunywa chochote natoboa kidole kwanza. Daktari aliniambia kama mashine haipo karibu nichukulie imeshuka, maana sukari ya chini haisubiri, lakini ikiwepo nipime.

Wakati ule kafyu ilikuwa bado ipo Nairobi, saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri. Hapa kwetu Majengo, Pumwani, kupata gari usiku wa kafyu ilikuwa shida hata kwa mgonjwa. Binti yangu alikaa nami akinishika mkono hadi tukasikia adhana ya alfajiri, ndipo tukatoka.

Hospitali walinibandika vile vibandiko vya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kifuani, mikononi na miguuni, karatasi ikatoka. Daktari, kijana mpole, alinionyesha. "Ona, mama, hivi vilima. Vingekuwa vinafuatana kwa nafasi moja. Vyako kimoja kiko karibu, kingine kiko mbali." Akaeleza kwamba vyumba vya juu vya moyo wangu vilikuwa vinatetema tu badala ya kusukuma. Damu inayobaki imetuama humo inaweza kuganda, na donge likichomoka likapanda kwenye ubongo, hicho ndicho kiharusi. Nilifanyiwa pia eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Baada yake akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Utotoni uliwahi kuugua viungo?"

Nikakumbuka. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Goti lilivimba, likapona, kikavimba kifundo cha mguu, kikapona, kikafuata kiwiko. Kabla ya hapo nilikuwa nimeumwa koo. Marehemu mama yangu alinisugua kwa mafuta ya moto kila usiku, akanisomea, na maumivu yakaondoka. Tulishukuru Mungu tukasahau. Ilikuwa homa ya baridi yabisi, inayotokana na vijidudu vya koo visivyotibiwa. Viungo huachiwa, moyo haukuachiwa. Vali ya upande wa kushoto, ile inayotenganisha chumba cha juu na cha chini, ilikakamaa polepole kwa miaka zaidi ya thelathini bila mimi kujua. Nawaomba wazazi: mtoto akiumwa koo na homa, mpelekeni apimwe, na akiandikiwa dawa amalize. Mama yangu hakuwa na wa kumwambia. Ninyi mnaye.

Nikarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Kliniki ya sukari ilikuwa imenipa metformini na glibenklamidi, na enalaprili ya presha. Kliniki ya moyo ikaongeza atenololi ya kupunguza mbio za moyo na warfarini ya kuzuia damu kuganda. Kliniki mbili, kadi mbili, siku mbili tofauti za wiki. Kule moyo waliandika "mgonjwa wa sukari" bila kuuliza nameza nini. Kule sukari nilipowaambia nina moyo waliandika "moyo". Nami nilikaa kimya, nikidhani wenyewe wanaongea.

Shida ya kwanza ilinikuta soko la Gikomba, mwezi wa Oktoba. Mimi huuza madera na leso, na siku ya kufungua beli la nguo unatakiwa ufike alfajiri kabla vizuri havijachaguliwa. Nilimeza dawa zangu, nikanywa chai ya rangi, nikaondoka bila kula kitu cha maana. Kwenye saa nne nilikuwa nimeinama juu ya rundo, nikaona jasho linanidondoka kwenye kitambaa. Jasho la baridi, na asubuhi haikuwa ya joto. Moyo umetulia kabisa, mikono haitetemeki. Nikasema ni uchovu, nikaendelea kuchagua. Kilichofuata nakikumbuka vipande vipande: muuzaji ananitajia bei, mimi namjibu maneno yasiyohusiana. Mama mmoja anayeuza pembeni, ambaye mumewe ana sukari, ndiye aliyetambua. Alinimiminia soda mdomoni kidogo kidogo. Nilipopimwa baadaye, hata baada ya ile soda, ilikuwa 2.9, chini mno.

Nilipopeleka kisa hiki kliniki ndipo nikaelezwa. Dawa za jamii ya atenololi hutuliza moyo, na kwa hivyo huficha zile dalili ambazo mgonjwa wa sukari huzitegemea. Mbio za moyo hufichika, mtetemo hufichika. Jasho ndilo hubaki. Kengele yangu ya miaka kumi ilikuwa imezimwa, hakuna aliyeniambia. Na glibenklamidi nayo hukaa mwilini muda mrefu, ukiruka mlo inakushukia. Daktari aliiondoa akaniwekea gliklazidi, ambayo haina ukali huo wa kuangusha sukari, na dawa ya moyo akaniachia kwa kuwa nilikuwa naihitaji. Mimi nikajiwekea sheria mbili. Jasho lisilo na sababu, napima papo hapo, iwe kwenye matatu, iwe msibani. Na sitoki nyumbani bila glukosi kwenye mkoba: vijiko vitatu vidogo kwenye maji, ningoje dakika 15, nipime tena, kisha nile chakula.

Shida ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Januari nilipata tumbo la kuhara, nikafanya linalofanywa na kila mtu mtaani: nikaenda duka la dawa nikaomba metronidazoli. Niliuziwa bila swali. Tumbo likapona siku ya tatu. Siku ya tano nikipiga mswaki niliona povu lina damu. Nikasema fizi. Kesho yake nilijigonga kidogo kwenye kona ya meza, paja likaweka alama nyeusi pana kama sahani. Binti yangu ndiye aliyelazimisha. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ambacho kwangu kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3, kilikuwa 7.1. Metronidazoli huzuia mwili kuivunja warfarini, kwa hiyo ile dozi yangu ndogo ya kila siku ilikuwa inajazana kwenye damu. Nililazwa, warfarini ikasimamishwa, nikapewa vitamini K. Daktari wa wodini aliniambia kweli yangu: ningeanguka siku hizo nikapiga kichwa, wasingeniwahi.

Hilo lilinitisha kuliko moyo wenyewe. Nimemeza tembe za tumbo tangu utoto. Ni kitu ambacho jirani anakupa ukutani bila kufikiri.

Baada ya hapo niliogopa kila kitu, na hofu nayo ikaniletea shida ya tatu. Mtu aliniambia mboga za majani zinapigana na warfarini, nikaziacha zote. Mimi, mtu wa Nairobi, kula ugali bila sukuma wiki! Nikala maharagwe na mayai wiki tatu. INR ikapanda. Walipunguza dozi. Kisha ikaja mvua, mboga za managu na terere zikajaa sokoni bei rahisi, nikashindwa kujizuia nikazila kila siku. INR ikashuka hadi 1.4, yaani sina kinga ya kiharusi. Ni sista wa kliniki, mama wa makamo, aliyeniketisha. "Dada yangu, nani alikuambia uache mboga? Mboga ina vitamini K, na warfarini inafanya kazi dhidi ya hiyo vitamini. Wewe kula kiasi kile kile kila siku, sisi tutapima dawa ifuate chakula chako. Ukila leo sufuria nzima kesho ukaacha, hatukufikii." Sasa nanunua fungu moja, naligawa mara mbili, nusu leo na nusu kesho. Mama mboga wangu ananijua, hanishawishi kuongeza.

Nilimuuliza daktari kuhusu dawa mpya za kuzuia damu kuganda, ambazo hazihitaji kupima INR kila mara. Alinijibu kwa subira kwamba kwa wagonjwa wengine ni nzuri sana, ila kwa vali iliyobanwa na baridi yabisi kama yangu, utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha waliotumia warfarini waliishi vizuri zaidi kuliko waliotumia rivaroksabani, mojawapo ya hizo mpya. Nikatulia na tembe zangu za warfarini, za rangi ya waridi.

Sasa nina daftari la dawa zangu, na lilianza na mfamasia mmoja. Baada ya kutoka wodini nilikwenda kwenye duka jingine la dawa, nikamwaga mfuko wote juu ya meza yake, nikamwambia, "Mwanangu, nisaidie, sijui tena nimeze nini." Alifunga dirisha la malipo kwa muda, akazipanga moja moja mstari. Akasema, "Mama, dawa zako hazijuani. Kila moja imeletwa na mtu wake." Akaniandikia kwenye karatasi saa za kila dawa, na kipi hakitakiwi kukutana na kipi. Warfarini akaiweka saa mbili usiku, ili kama kliniki ikibadilisha dozi mchana, nianze dozi mpya usiku huo huo.

Karatasi ile nikaihamishia kwenye daftari la kurasa 96, la mraba. Ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu: NATUMIA WARFARINI. NINA SUKARI. Chini yake dawa zote, dozi na tarehe ya kuanza. Kurasa zinazofuata, kila siku: sukari asubuhi, mapigo, presha, dozi ya warfarini, mboga, na chochote kigeni nilichokihisi. Mapigo nayahesabu mwenyewe kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima. Zamani nilihesabu sekunde 15 nikazidisha kwa nne, lakini kwa moyo usiofuata mpango hesabu hiyo inadanganya. Presha nayo napima mara tatu nikachukua wastani, kwa sababu hiyo hiyo.

Daftari hilo natangulia nalo kokote. Daktari wa meno alilisoma kabla ya kung'oa, akanirudisha nikapime INR kwanza. Goti likiuma siombi tena sindano ya diklofenaki, natumia parasetamoli kwa kiasi nilichoambiwa. Hata shangazi yangu aliponiletea habasoda na mwarobaini kwa mapenzi yake, nilimbusu mkono nikamwambia, shangazi, hivi vinaweza kushusha sukari na kuchezea damu, ngoja niulize. Hakufurahi siku ile. Sasa yeye mwenyewe anaandika dawa zake za presha.

Ramadhani ndiyo iliyoniuma. Nilifunga tangu nina miaka saba. Mwaka ule daktari alisema kwa sukari yangu na moyo wangu, hapana. Nilikwenda kwa ustadhi nikitumaini ataniambia vingine, akanisomea aya ya mgonjwa katika Suratul Baqara, akasema ugonjwa usiotarajiwa kupona una fidia, nilishe maskini kwa kila siku. Nililia njiani kurudi. Kisha nikafanya hesabu ya unga na maharagwe, na kila jioni nikawa napika sufuria moja zaidi, inakwenda kwa wazee wawili wa nyumba ya nyuma. Saa ya kufuturu huwa nakaa nao jamvini, natia tende mdomoni pamoja nao, baada ya kupima.

Moyo bado unaruka siku nyingine, hasa nikipanda ngazi haraka. Daktari anazungumzia kunipanua vali kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa pajani, kama umbo lake linaruhusu. Mwezi ujao narudi kwa eko nyingine ndipo waamue. INR ya mwisho ilikuwa 2.4. Jana binti yangu alinunua daftari jipya, la zamani limebaki kurasa sita, na jioni hii ananinakilia ukurasa wa kwanza kwa ile kalamu nyekundu.